Mahali Pasipotiwa Alama

Harlow, Missouri
11 Februari 1979

Baba mdogo Hershel,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, ambako theluji imefika kwenye madirisha na kuni zinakwisha kabla sijamaliza kuzipasua. Bibi hajambo kidogo. Macho ndiyo yamekwisha kabisa, ila masikio bado ni ya paka. Jana alinikemea kwa kutia vijiko vitatu vya sukari kwenye kahawa yangu, naye yuko chumba cha pili.

Pole tena kwa msiba. Najua Oregon ni mbali na kiwanda cha mbao hakitoi ruhusa ovyo, lakini nilitazamia kukuona kwenye maziko ya Baba, kaka yako. Watu waliuliza. Niliwaambia unaumwa mgongo, kwa hiyo mtu akikuuliza, mgongo unauma.

Kadi ya Krismasi ya Baba mdogo Clell ilifika, safari hii kutoka Tulsa. Nilimsomea Bibi, maana aliyekuwa akimsomea ni Baba na sasa kazi ni yangu. Akasema, "Mwandikie Hershel amwambie mdogo wake aje. Nina miaka themanini na minne. Anangoja niwe na mingapi?" Miaka kumi na sita tangu aende Detroit kutafuta kazi, na huyo Clell hajawahi kuweka anwani kwenye bahasha hata moja. Kama wewe unayo, niletee.

Sasa shida yangu mwenyewe. Nyuma ya kabati la bunduki nimekuta ramani ya Baba, ile ya serikali yenye mistari ya kahawia. Imejaa misalaba midogo ya penseli, na kila msalaba una mwaka na uzito wa ndege. Bibi anataka kula bata mzinga wa mlimani kabla hajafa. Wa dukani anasema alikufa kwa uvivu. Baba hakuwahi kunipeleka kuwinda, alidai mwanamke hawezi kunyamaza. Bibi anasema aliyemfundisha Baba kusoma ramani ni wewe. Basi nifundishe na mimi. Msimu unafunguliwa tarehe 23 Aprili.

Wako,
Ardith


Port Alder, Oregon
26 Februari 1979

Ardith mwanangu,

Nimepata barua yako na nimeisoma mara mbili, mara moja kwa ajili ya habari na mara moja kwa ajili ya kucheka. Huku ni mvua. Ilianza Oktoba na nadhani imesahau namna ya kuacha. Mgongo unauma kweli, kwa hiyo hukumdanganya mtu.

Bata mzinga ni ndege mwenye miguu mizuri na moyo mvivu. Pale mistari ya kahawia inapobanana, mlima umesimama wima, naye hapendi kupanda ukuta. Pale mistari inapoachana katikati ya mteremko, pana rafu. Huko ndiko anakoshuka alfajiri kutoka mtini, atanue mkia wake mbele ya majike. Tafuta pia mahali vilele viwili vinapoachiana nafasi, maana huo ndio mlango wake wa kutokea bonde moja kwenda jingine. Kisha tafuta maji. Mialoni, ambayo anakula mbegu zake, haimo kwenye ramani, hiyo utaitafuta kwa miguu. Jioni simama mbali ulie kama bundi. Dume akiwa karibu hatavumilia, atabwata tu.

Yafuatayo usiyasome haraka. Usivae chekundu, cheupe wala bluu, kwa kuwa kichwa cha dume kina rangi hizo tatu. Kaa, mgongo kwenye mti ulio mpana kuliko mabega yako. Usipige mpaka uone ndevu, kile kishungi kinachoning'inia kifuani mwa dume. Na ukisikia mtetea akilia msituni, usimfuate kwa miguu. Usimfuate kamwe, Ardith. Huwezi kujua kinacholia ni nini.

Mimi nina karatasi ile ile ya ramani. Nimekuchorea nakala na kutia alama mahali panne. Nenda hapo tu.

Mpe Mama pole ya goti.

Hershel


Harlow
18 Machi 1979

Baba mdogo,

Asante kwa ramani na asante kwa somo. Theluji imeyeyuka na njia zote ni tope. Goti la Bibi limevimba, lakini amefurahi umelikumbuka. Akaniambia nisome sehemu hiyo tena.

Hukujibu habari ya Clell. Najua umesahau.

Nimetembea kote ulikotia alama. Kwenye shamba la kinu pana unyoya na nyayo, kijito cha Sulphur pia. Lakini jioni moja niliweka nakala yako juu ya ramani ya Baba, nikaona jambo. Alama zako nne na misalaba yake yote imekaa duara, kama watu waliozunguka moto. Katikati hapana kitu. Hapo katikati ndipo juu ya Bonde la Tolliver, na kwa kanuni zako mwenyewe ndipo pazuri kuliko pote. Mistari imeachana vizuri, chemchemi imechorwa, mlango wa vilele viwili uko juu yake. Baba aliwinda miaka kumi na tisa bila kupatia alama hata moja. Mbona?

Tena pana mtetea. Siku tatu sasa, kukianza kupambazuka, nikiwa nakamua ng'ombe namsikia kutoka upande huo. Analia mara tatu, ananyamaza, halafu mara moja kwa kukwaruza. Akilia, madume wote wa bondeni wananyamaza. Nilidhani wangefurahi.

Ardith


Port Alder
27 Machi 1979

Ardith,

Salamu. Mvua bado. Naandika kwa haraka ili barua iwahi posta.

Bonde la Tolliver usiende. Pana nyoka wengi, wale wenye kengele mkiani, tangu zamani. Ramani ile ni ya mwaka 1951 na mlima umeporomoka, rafu haipo tena. Na hata ingekuwapo, upepo wa pale ni mbaya kwa kuwinda. Nenda kinuni.

Huyo mtetea ni ndege tu. Usimjibu.

Hershel


Harlow
5 Aprili 1979

Baba mdogo mpendwa, mwongo mkubwa,

Nimecheka hadi Bibi akauliza kuna nini. Nyoka, maporomoko na upepo, vyote mahali pamoja! Mwenzako Baba aliniambia pana kisima kilichobomoka. Mngekaa mkapatana kwanza.

Mimi ni mtoto wa nyumba hii. Katika ukoo wetu mtu atakupa shati lake la mwisho, lakini bata mzinga wake hakuonyeshi. Nakumbuka nyinyi watatu mezani asubuhi za Aprili, kila mmoja akimtazama mwenzake usoni na kumdanganya anakokwenda, na Bibi akimwaga kahawa na kutikisa kichwa. Kwa hiyo nimeelewa. Rafu ile ilikuwa yenu, mmeificha kwa wageni na kwa watoto, na Baba hakutia alama ili hata mwizi wa ramani asiione. Sasa Baba hayupo na wewe uko maili elfu mbili. Siku ya kufungua nitakuwa juu.

Habari nyingine si nzuri. Bibi hali chakula cha kutosha. Daktari amekuja, akazungumza nami nje mlangoni, nawe unajua maana yake. Kila siku anauliza kama Clell ameandika. Na nikuulize, mbona wewe humwandikii? Mimi unaniandikia kurasa mbili za ndege, mama yako mzazi unampa pole ya goti kupitia kwangu.

Ardith


Port Alder
14 Aprili 1979

Ardith mwanangu,

Nimechana barua tatu kabla ya hii. Sikuwahi kukuomba kitu, wewe wala baba yako. Sasa naomba. Usipande Tolliver. Si utani wa bata mzinga. Si kuficha mahali. Ningekuwa na simu ningekupigia, lakini nyumbani hamna simu, na hata ingekuwapo nisingeweza kusema maneno haya kwa mdomo.

Mlio ule, mara tatu na kukwaruza mara moja, uliusikia kweli, au kuna mtu alikusimulia? Niambie hilo kwanza. Ngoja jibu langu. Ngoja hata msimu upite.

Mwambie Mama ale.

Hershel


Harlow
25 Aprili 1979

Baba mdogo,

Barua yako ya tarehe 14 imefika leo, siku mbili baada ya mimi kushuka. Hakuna aliyenisimulia.

Bibi yuko kitandani, anakunywa supu. Nakueleza yaliyotokea jinsi yalivyotokea, sitaongeza.

Nilifika juu kabla hakujapambazuka. Rafu ipo, haijaporomoka. Ni pazuri kuliko ramani inavyosema, mialoni mikubwa, chemchemi, ardhi tambarare kama sakafu ya kanisa. Kulipoanza kuonekana nilitazama chini. Hakuna unyoya. Hakuna kinyesi. Hakuna jani lililochakurwa. Mahali pote pale penye kila wanachokitaka, na hakuna ndege aliyewahi kukanyaga.

Nikakaa, mgongo mtini. Nikasugua mfuniko wa kisanduku cha Baba, kile cha mbao cha kuigia mlio wa mtetea, mara tatu. Kutoka upande wa pili wa rafu, kama hatua arobaini, nikajibiwa mara tatu, kimya, halafu ule mmoja wa kukwaruza. Nikaita tena, nikajibiwa kabla sijamaliza. Mwanzo ulikuwa mlio wa ndege. Baadaye ukawa wa mtu anayesugua ubao kwa ubao, akingoja, akisugua.

Nikafanya ulilonikataza. Nikatambaa kuufuata.

Nyuma ya gogo, katikati ya maua meupe ya vichaka, nikaona chekundu na cheupe na bluu, kikipanda na kushuka polepole. Bunduki ilikuwa begani tayari, sikumbuki kuiinua. Sikuona ndevu. Nilitaka kupiga, Baba mdogo. Sijawahi kutaka kitu namna ile, na kutaka kwenyewe hakukuwa kwangu, nilikuwa kama nimevalishwa koti la mtu mwingine likiwa bado na joto lake. Kidole kilikuwa kinakaza kifyatulio. Sijui ni nini kilichonifanya niseme kwa sauti, "Nani huko?"

Mlio ukakoma. Rangi zile hazikuonekana zikiondoka, hazikuwapo tu. Na nikasikia mtu akishusha pumzi, pumzi ndefu, karibu na sikio langu.

Nilipita lile gogo. Hapakuwa na mtu. Pana mawe bapa, ya mtoni, yamefunikwa na kuvu, yamepangwa kwa urefu wa mtu mzima. Mawe ya mtoni hayapandi mlimani yenyewe.

Nimerudi nyumbani nikatoa kadi zote za Clell sandukuni. Zimeandikwa kwa herufi kubwa kama za kwenye mabango. Kisha nikatoa bahasha zako, ambazo anwani huwa unaiandika kwa herufi kubwa. Nimeziweka mezani kando kwa kando tangu mchana, na sijazitoa.

Clell yuko wapi?

Ardith


Port Alder
2 Mei 1979

Ardith,

Yuko pale ulipomkuta.

Asubuhi ile ilikuwa ya tarehe 24 Aprili 1963. Mama alitupa mikate ya moto na nyama ya nguruwe. Baba yetu alikuwa hajamaliza miezi mitatu kaburini. Clell akasema anakwenda shamba la kinu. Mimi nikasema nakwenda kijito cha Sulphur. Dorsey baba yako akasema anabaki kutengeneza ua. Jana yake mimi na Clell tulikuwa tumeinamia ramani ile, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja alikuwa ameiona rafu ile. Tukaachana barazani, kila mmoja akijichekea moyoni kwamba amemdanganya mwenzake.

Kwa hiyo nilijua niko peke yangu. Hilo ndilo ninalotaka ulielewe. Sikuwa nimelewa, sikuwa na hasira, nilijua tu kwamba mdogo wangu yuko kinuni, kwa sababu aliniambia, na nikajiona mjanja. Nikasikia mtetea. Nikatambaa. Nikaona rangi tatu nyuma ya gogo. Ilikuwa leso aliyopewa na msichana kwenye densi, ameifunga shingoni. Sikungoja ndevu. Sikuuliza nani.

Kisanduku chake nilikichonga mimi. Alikikalia kwenye trekta mfuniko ukapasuka, na tangu siku hiyo mlio wa nne ukawa unakwaruza. Nilitaka kumtengenezea kingine, akakataa, akasema huo ndio unaowaleta. Nilikimbia kumwita Dorsey, tukamzika nacho mkononi.

Dorsey alisema Mama hatastahimili msiba wa pili katika majira yale yale. Vijana walikuwa wanakwenda Detroit kila wiki, basi na Clell akaenda Detroit. Tulibeba mawe siku mbili. Kisha mimi nikaondoka kweli, ili pawe na mtu wa kutuma barua. Nimewapa madereva wa malori bahasha wazitie posta Tulsa, Omaha, popote. Kwa jina langu sikumwandikia Mama tena. Ningeanza kumwandikia kama Hershel, mwandiko ungesema.

Huku hakuna bata mzinga hata mmoja karibu na mji huu. Nami kila Aprili namsikia nyuma ya kiwanda.

Baba yako hakusema neno juu ya jambo hili hadi alipokufa. Fanya utakavyo na barua hii. Ukitaka mpelekee sherifu. Ila kwa Mama sijui. Mimi siwezi kumwambia, na siwezi kukuambia wewe umwambie, na siwezi kuendelea.

Hershel


Harlow
10 Mei 1979

Baba mdogo,

Bibi yu hai. Naanza na hilo kwa sababu najua utaruka mistari kulitafuta.

Nilikaa na barua yako siku moja nzima. Sikutaka kumsomea. Jioni akaniita, "Ardith, umekuja na karatasi mfukoni toka jana, nasikia inavyokwaruza. Ni ya Hershel?" Nikasema ndiyo. "Amesema?" Nikamuuliza kasema nini. Akaniambia, "Kwamba alimuua mwenzake."

Nilikaa sakafuni, Baba mdogo. 

Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema. "Mtu aende Detroit aache viatu vyake vya kanisani chini ya kitanda? Na kaka zake wananawa mikono siku tatu? Mimi ni mama yao, si jirani. Nilisikia mlio mmoja wa bunduki, na hakuna aliyerudi na ndege. Na kila Aprili mtoto ananiita kutoka kule juu na kisanduku chake kibovu. Nani mwingine analia hivyo?"

Nikamuuliza, sasa zile kadi zote, Bibi, miaka yote Baba anakusomea nawe unasikiliza?

Akacheka mpaka akakohoa. "Kadi zile kila mara ziliuliza goti langu, na Clell hakuwahi kuniuliza hata siku moja. Alikuwa mtoto mzuri, nilimpenda, lakini goti langu lingeanguka mezani angeomba apewe chumvi. Aliyekuwa akiuliza goti ni Hershel. Aliyeulizia mpeasi wa nyuma ya nyumba kama umezaa ni Hershel. Ningesema najua, angeacha kuandika. Mmoja nilikuwa nimeshamkosa. Nilikuwa napata barua za huyu mwingine, nikamwacha aziandike kwa jina lolote analoliweza."

Kisha alilia, na mimi nikalia, na sikujua la kumfanyia zaidi ya kumshika mkono. Anakutaka. Anasema sherifu angoje zamu yake, yeye ndiye wa kwanza. Mwisho wa mwezi tunasafisha makaburi kama kila mwaka, na ametengeneza maua ya karatasi kwa kupapasa, fungu la babu, fungu la Baba, na fungu la tatu. Kumbe kila mwaka alitengeneza fungu moja la ziada akampa Baba, akimwambia akalitupe popote mlimani. Baba alidhani ni uzee.

Anataka Clell ateremshwe alale na wenzake. Daktari anasema ni wiki, si miezi. Mtetea bado analia. Bibi anataka dirisha liwe wazi.

Andika, lakini usiniandikie mimi.

Ardith


Port Alder
16 Mei 1979

Mama,

Ardith atakusomea. Ni mimi, Hershel.

Nilimpiga Clell bunduki juu ya Bonde la Tolliver. Sikutazama vizuri na sikuita. Nilikudanganya miaka kumi na sita, na kila kadi niliyoiandika niliiandika nikikuona umekaa unasomewa. Sina la kujitetea.

Goti linaendeleaje?

Nimeacha kazi kiwandani. Basi linafika Harlow Alhamisi tarehe 24. Nitakuja kwanza kwako. Ukinifukuza nitakaa barazani. Asubuhi inayofuata nitapanda na Ardith, sitabeba bunduki. Nikimsikia nitasimama pale pale, na kabla sijasogeza mguu nitamwita kwa jina.

Mwanao,
Hershel